Kigongo, Misungwi

Kigongo ni kijiji cha Wilaya ya Misungwi katika Mkoa wa Mwanza, Tanzania. Kipo kando ya Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Viktoria. Ng'ambo yake ni Busisi, Wilaya ya Sengerema. Wenyeji wengi ni Wasukuma.

Ofisi ya mkuu wa wilaya, anayeteuliwa na Rais, halmashauri ya madiwani wanaochaguliwa na wananchi, na mahakama ya wilaya ziko Misungwi mjini.

Kwa miaka mingi ghuba ilivukwa kwa kivuko. Hata mgonjwa wa Sengerema aliyepelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, alingoja chombo kirudi. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Sasa gari huvuka kwa dakika chache.