Tembo Walioitika Hadi Karema

Wadau, leo twende Katavi, lakini tupitie kwa mbwa kwanza.

Ukitaka mbwa wako aje kila ukimwita, siri ni ndogo sana. Akija, apate kitu: mfupa, tonge la ugali, hata kukunwa shingo. Ukimwita halafu ukamchapa, kesho utapiga kelele "Simba! Simba!" mpaka ukauke koo naye atakutazama kwa mbali. Mnyama anapoitwa hukumbuka yaliyompata mara ya mwisho alipokuja.

Kanuni hiyo ya uani ilimshinda mfalme wa Ubelgiji, na ilimshindia hapa hapa nchini.

Mwaka 1879 watu wa Leopold II walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Tatizo lao lilikuwa usafiri. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, hivyo kila kitu kutoka pwani kilibebwa na wapagazi vichwani. Mfalme akapata wazo: kwa nini tusitumie tembo? Wa Afrika walionekana wakali mno, basi wanunuliwe wa India waliokwisha kufundishwa. Hao wangebeba mizigo, kisha wasaidie kuwakamata na kuwafunza wenzao wa huku.

Katikati ya mwaka huo tembo wanne waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakitokea Bombay. Tunayajua hata majina yao: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Walikuja na waongozaji wao Wahindi, watu ambao sauti zao walizizoea. Msafara uliongozwa na Frederick Carter, Mwirishi.

Hebu fikiria. Tembo hawa hawakuwa na ubishi. Wakiambiwa simama, wanasimama. Wakiambiwa piga magoti upakiwe, wanapiga magoti. Walivuka mito, wakapanda milima ya Usagara, wakapita hata kwenye mbung'o walioogopwa sana. Kilichowamaliza, kwa maelezo mengi, ni mizigo mizito, mwendo usio na mapumziko na chakula kisichotosha. Sundergrund alianguka Mpwapwa, na wengine wakafuata njiani. Desemba 1879 Pulmalla alifika Karema. Naye hakuishi muda mrefu.

Carter mwenyewe aliuawa Juni 1880 huko Mpimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, alipokuwa akirudi pwani. Walivamiwa na majeshi ya Mirambo na mtemi aliyeitwa, msicheke, Simba. Mwaka 1885 ngome ya Karema ikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers, na mpango wa tembo ukaishia hapo upande huu wa ziwa.

Kuna watakaosema tembo wa Afrika hafundishiki. Si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Kongo, kwenye kituo cha Api na baadaye Gangala na Bodio, tembo wa Afrika walifundishwa kulima na kuvuta mikokoteni. Walikamatwa wadogo, kwa nguvu, na huo nao ni ukatili. Lakini baada ya hapo walezi walikaa nao, wakawalisha kwa mkono, wakawaimbia.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2014 watafiti wa Amboseli, Kenya, walionyesha kuwa tembo hutofautisha sauti za binadamu: wakisikia rekodi ya wanaume wa Kimaasai hujikusanya na kuondoka, wakisikia ya wanawake hawashtuki hivyo. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, wa Amboseli na Samburu: tembo huitana kwa miito inayofanana na majina, na kila mmoja huitika zaidi mwito wake.

Kwa hiyo kuitwa na kuitika walikuwa nako kabla ya Leopold. Alichonunua yeye India ni imani ambayo watu wengine walikuwa wameijenga kwa miaka, akaitumia yote kwa miezi michache.

Ndiyo maana nasema tusimlaumu tembo wa Katavi anayekimbia akisikia sauti ya mtu. Tujiulize amesikia nini kutoka kwetu tangu siku za biashara ya pembe. Pulmalla aliitika mpaka mwisho, na mmeona alichopata.

Mnasemaje wadau?