Kivuli Kimepita, Foleni Imebaki

Kupatwa kwa jua hakumjii mtu kwa kushtukiza. Wanafalaki huitaja sekunde yake miaka mingi kabla, na tangu Edmond Halley alipochapisha ramani ya njia ya kivuli juu ya Uingereza mwaka 1715, yeyote mwenye ramani anaweza kujua asimame wapi. Pengine ndiyo maana inapozungumzwa habari ya usalama wa safari ya kwenda kulitazama jua likipatwa, mawazo hukimbilia lile giza lenyewe: dereva aliyeduwaa, taa zisizowashwa, macho yanayoiacha barabara na kupanda angani. Hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, historia ya safari hizi inaonyesha kwamba tatizo kubwa liko kwingine, nalo ni saa ya kuondoka. Watu huja kwa siku tatu au nne, kila mmoja kwa wakati wake, lakini hurudi wote kwa mkupuo, kwa kuwa kilichowaleta kimekwisha kwao wote dakika ileile.

Zama za reli, jambo hili halikuonekana sana. Mwaka 1878, kivuli kilipopita magharibi ya Marekani, Thomas Edison alikwenda kwa treni hadi Rawlins, Wyoming, na Maria Mitchell wa Chuo cha Vassar akawapeleka wanafunzi wake wa kike Denver. Tabu iliyompata Mitchell njiani ilitokana na ugomvi wa kampuni mbili za reli uliokwamisha mizigo yao Pueblo. Kwa siku kadhaa wasomi wale walikaa Denver, na vyombo vyao viko kwenye stesheni ya mbali. Nusu karne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni 1927, treni maalumu ndefu ziliondoka King's Cross, London, kuelekea kaskazini. Mwandishi Virginia Woolf alikuwa katika mojawapo, akashukia Richmond na kupandishwa mlimani kwa basi. Kabla kidogo ya saa 12 na nusu asubuhi jua lilifunikwa kwa sekunde 24 hivi. Waliokuwa kijijini Giggleswick, pamoja na Mwanafalaki wa Kifalme Frank Dyson, walibahatika kuliona vizuri. Wengi wa sehemu nyingine waliona mawingu. Baada ya hapo abiria walirudi vitini mwao. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi hagombei njia na mwenzake, maana behewa lililomleta linamngoja, na treni ya nyuma haiwezi kuipita ya mbele kwa kuwa dereva wake ana haraka. Thamani ya reli katika safari ile ilikuwa zamu zaidi ya mwendo wake.

Mtu atauliza: je, si kwamba reli ilibeba wachache tu, na umati wa leo usingeenea kwenye mabehewa? Ni kweli, tena hata mwaka ule wa 1927 magari ya watu binafsi yalikuwapo vilimani. Hoja yangu si kwamba turudi kwenye mvuke. Ni kwamba gari binafsi lilimpa kila mtazamaji uhuru wa kuchagua dakika yake ya kuondoka, na wote wakachagua ileile.

Kabla ya kuipata Marekani, somo hili lilipitia Cornwall, nalo lilieleweka nusunusu. Tarehe 11 Agosti 1999, jua lilipatwa kikamilifu katika Uingereza bara kwa mara ya kwanza tangu 1927, na mahali pa kulitazama palikuwa rasi nyembamba ya kusini magharibi inayoingiwa kwa barabara kuu chache, hasa A30 na A38. Kwa miezi mingi mamlaka na magazeti yalitabiri msongamano wa kutisha. Siku ilipofika, wageni walikuwa pungufu ya makadirio, wenye viwanja vya kambi na matamasha wakala hasara, na mawingu yakamalizia kazi. Wapo wanaoitumia Cornwall kudai kwamba maonyo ni porojo za maofisa. Mimi nasoma kinyume: maonyo yalifanya kazi, ila yalielekezwa pasipostahili. Yaliwaambia watu kuja ni balaa, wakabaki kwao. Onyo la kuja likizidi, hotelini hakuna mtu. Onyo la kurudi halimnyimi mwenye hoteli senti, pengine linamwongezea usiku mmoja wa malipo.

Kisha ikaja Jumatatu, tarehe 21 Agosti 2017. Kivuli chenye upana wa kilomita 110 hivi kiliikata Marekani kutoka Oregon hadi South Carolina kwa muda wa saa moja na nusu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan ulikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 20 walisafiri kutoka maeneo yao ili kukitazama. Chukua mji wa Madras, Oregon, wenye wakazi wapatao elfu saba, pale barabara za 26 na 97 zinapokutana. Giza liliingia saa 4 na dakika 19 asubuhi na kukaa dakika mbili na ushei. Sasa piga hesabu ya kawaida ya wahandisi: njia moja ya barabara ya mashambani, ikiwa haina kikwazo, hupitisha takriban magari 1,700 kwa saa. Tuseme magari 20,000 yanataka kutoka kwa njia hiyo. Yatachukua karibu saa 12, na hapo hatujaweka taa ya kuongozea magari, wala trekta, wala aliyeishiwa mafuta. Si ajabu barabara za huko ziliziba mchana ule. Mwaka 2024, kivuli kingine kilipopita Marekani, hali ikawa ileile New Hampshire, ambako barabara ya I-93 hubanwa kuwa njia moja kila upande kwenye bonde la Franconia. Waliotazama jua alasiri walifika kwao usiku wa manane.

Foleni ni kero, lakini huua? Madaktari Donald Redelmeier na John Staples walihesabu watu waliohusika katika ajali zenye vifo nchini Marekani kwa siku tatu kuanzia Agosti 20 hadi 22, 2017, wakalinganisha na siku hizohizo za wiki iliyotangulia na iliyofuata. Katika siku za kupatwa walikuwa 741, yaani 247 kwa siku. Katika siku sita za kulinganishia walikuwa 1,137, chini kidogo ya 190 kwa siku. Ongezeko ni asilimia 30 hivi. Wao wenyewe walisema kiwango hicho kinafanana na cha sikukuu kubwa za Marekani, na mpinzani hushika hapo: ikiwa ni kama sikukuu, kelele za nini? Tofauti ni kwamba sikukuu hurudi kila mwaka, polisi wake wanajua mteremko upi unaua, na wauguzi wa zamu huongezwa bila kuambiwa. Kivuli kikipita mahali hupita karne kadhaa, kwa wastani, kabla hakijarudi palepale. Kwa mji mdogo, siku hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho, na ukubwa wa hospitali yake haukupangwa kwa ajili ya siku hiyo.

Idara ya usafirishaji ya Oregon ilikuwa na shauri zuri mwaka 2017: fika mapema, tulia ulipo, ondoka umechelewa. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya tatu haitekelezeki kwa maneno tu. Ukimwambia mtu akae, mpe chakula, choo na kivuli cha mti, tena umpe sababu. Nyasi kavu za Agosti chini ya ekzosi ya moto ni sababu ya kumhamishia kwenye maegesho rasmi, lakini si ya kumbakiza hadi jioni. Shida hii ya kuondoka ipo hata penye giza dogo. Rujewa, wilayani Mbarali nchini Tanzania, ambako tarehe 1 Septemba 2016 jua lilibaki pete, hakukuingia usiku wa kumduwaza dereva; hata hivyo umati ulikusanyika na kutawanyika karibu na barabara ya TANZAM, ambayo malori ya Zambia hayasimami kwa ajili ya anga.

Wanaosema umati hauwezi kuzuiwa ukishaona ulichofuata wautazame mji wa Makka. Huko, katika hija, makundi hupangiwa saa za kwenda kurusha mawe na kurudi, na daraja la Jamarat lilijengwa upya baada ya maafa ya mwaka 2006 ili wanaoingia wasikutane na wanaotoka. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, kivuli kitapita Luxor, kisha Jeddah na Makka, kikikaa Jeddah karibu dakika sita. Madina itabaki nje ya njia yake, na kutoka huko hadi Jeddah ni mwendo wa kilomita 400 hivi za jangwa. Misikitini kutakuwa na swala ya kupatwa kwa jua, ambayo kwa sunna hurefushwa, na imamu anayeirefusha ataipa barabara ya Madina nafasi ya kupumua zaidi kuliko kibao chochote.