Tanuru na Mstari wa Mbele: Mji wa Mariupol, 2014–2022

Historia ya mji ulio vitani mara nyingi huandikwa kwa kufuata nyayo za majeshi. Kwa Mariupol, mji wa viwanda vya chuma katika pwani ya Bahari ya Azov nchini Ukraine, mkabala huo hautoshi. Insha hii inajenga hoja kwamba mstari wa mbele ulipita pia katika njia za malighafi, na kwamba tanuru lililowalisha wakazi ndilo lililowaweka karibu na hatari.

Uchumi wa mji uliegemea viwanda viwili: Ilyich, kilichoanzishwa mwaka 1897, na Azovstal, kilichoanza uzalishaji mwaka 1933. Tanuru la kuyeyushia chuma halizimwi jioni likawashwa asubuhi. Likipoa ghafla, chuma huganda ndani na kuliharibu. Kwa hiyo makaa ya koki na mawe ya chuma sharti yafike bila kukatika.

Mwezi Mei 2014, wafanyakazi wa viwanda hivyo walishika doria mitaani pamoja na polisi, na Juni 13 serikali ikaudhibiti tena mji. Hata hivyo, wapiganaji wa kujitenga walioungwa mkono na Urusi walibaki upande wa mashariki. Januari 24, 2015, roketi zilianguka kwenye makazi ya raia na kuua watu wapatao 30.

Shinikizo jingine lilikuwa la kimyakimya. Reli ya moja kwa moja kutoka Donetsk ilikatika. Koki ilitegemewa kutoka Avdiivka, ambako kiwanda chenyewe kilipigwa makombora. Daraja la Kerch, lililofunguliwa mwaka 2018, lilizuia meli zenye kimo kikubwa kuifikia bandari.

Pamoja na hayo, matanuru yaliendelea kuwaka kwa takriban miaka minane. Mishahara ililipwa, na familia nyingi zikawa na sababu ya kubaki. Uvamizi ulipoanza Februari 2022, matanuru yalizimwa, na mahandaki ya Azovstal yakawa kimbilio la raia na askari hadi mwezi Mei.

Hivyo basi, ustahimilivu wa Mariupol hauelezeki kwa ushujaa pekee. Ulikuwa pia utii kwa sharti la tanuru, na gharama yake ililipwa na wale waliolihudumia.