Oscar Micheaux na Soko la Filamu za Wamarekani Weusi

Oscar Micheaux, aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na mji wa Metropolis katika jimbo la Illinois, aliingia kwenye filamu kupitia vitabu, na uchuuzi wa vitabu ndio uliomfunza mbinu alizozitegemea kwa takribani miaka thelathini ya uongozaji. Baada ya kuwa mhudumu katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, alijipatia ardhi Dakota Kusini, akalima miongoni mwa majirani ambao karibu wote walikuwa Wazungu, kisha akaandika riwaya zilizotokana na maisha hayo na kuziuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kampuni ya Lincoln, ya ndugu wawili weusi, George na Noble Johnson, ilipotaka kuigeuza riwaya yake The Homesteader kuwa filamu, Micheaux alishikilia kuiongoza yeye mwenyewe. Mapatano yalipovunjika alianzisha kampuni yake, akauza hisa, yaani sehemu ndogo za umiliki, hata kwa wakulima Wazungu wa maeneo ya Sioux City, na mwaka 1919 akaitoa filamu hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mmarekani mweusi.

Kazi iliyofuata, Within Our Gates ya mwaka 1920, ndiyo inayodhihirisha ukubwa wa kipaji chake. Miaka mitano kabla yake mwongozaji D. W. Griffith alikuwa ametukuza kundi la Wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan katika The Birth of a Nation, akitumia uhariri sambamba, yaani kupishanisha matukio mawili yanayotokea kwa wakati mmoja ili kuongeza taharuki. Micheaux aliichukua mbinu hiyohiyo na kuigeuza: huku kundi la Wazungu likiwanyonga mume na mke weusi bila hukumu ya mahakama, Mzungu mwingine anamshambulia binti waliyemlea, mpaka kovu kifuani mwa binti huyo linapomfichulia mshambuliaji kwamba msichana anayetaka kumnajisi ni mwanawe wa kumzaa. Wakaguzi wa filamu wa Chicago, mji uliokuwa umetoka kwenye ghasia za rangi za mwaka 1919, waliizuia mwanzoni kwa hofu ya machafuko mapya, na ilionyeshwa baada ya kukatwakatwa.

Kwa kuwa ubaguzi ulimfungia milango ya kampuni kubwa, Micheaux alizunguka mwenyewe kwa wenye majumba ya sinema ya watu weusi, akitafuta malipo ya awali ya kugharimia filamu iliyofuata. Ndiyo maana matukio mengi yalipigwa picha mara moja tu, na nyumba za marafiki zikafanywa studio; wahakiki waliomdharau kwa kasoro hizo walimpima kwa kipimo cha watu wenye mamilioni, jambo lisilo la haki. Ni yeye aliyemleta mwigizaji Paul Robeson kwenye filamu mwaka 1925, katika Body and Soul, akimpa nafasi mbili, ya mhubiri mlaghai na ya ndugu yake mwema.

Alifilisika mwaka 1928, akainuka tena na The Exile mwaka 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti mwanzo hadi mwisho, na akafariki mwaka 1951 mjini Charlotte. Katika filamu zake zaidi ya 40, zile zisizo na sauti zilizosalia ni tatu tu. Within Our Gates yenyewe ilipatikana Hispania, ikiwa na maandishi ya Kihispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993.