Kamanga: familia zilivyosafiri kwa saa za pantoni

Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria imepenya nchi kavu kuelekea kusini kwa makumi ya kilomita, na jiji limekaa upande wake wa mashariki. Kwa miaka mingi, baba mwenye gari, aliyekwenda Sengerema, Geita au Bukoba pamoja na mke na watoto, alikuwa na njia tatu tu. Azunguke kusini kupitia Shinyanga na Kahama. Avukie Kigongo hadi Busisi kwa pantoni. Au apange foleni mjini hapohapo, karibu na Jiwe la Bismarck, asubiri pantoni ya Kamanga. Mafuta yangeweza kujaa tangi na matairi yakawa mapya, lakini saa ya kuondoka ilipangwa na pantoni.

Zamani hata gari halikuhitajika. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na meli ziliunganisha bandari za Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza. Aliyetaka kuliona ziwa alikata tiketi, akakaa sitahani. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilibeba vizazi vya wanafunzi na wajukuu waliokwenda likizo Kagera.

Magari ya safari nayo yalikuwa yakibadilika: mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutia vitanda na makabati ndani ya Volkswagen Kombi, na familia za Ulaya zikaanza kulala ndani ya magari yao kandokando ya maziwa na milima. Mwaka huohuo Serengeti ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kombi zikafika Afrika Mashariki pia, ila huku nyingi zilifanywa magari ya watalii, paa linainuliwa ili abiria wasimame watazame simba. Zenye vitanda zilikuwa za wageni waliokuwa wakilivuka bara.

Kwa familia ya Mwanza, upande wa mashariki ulikuwa mwepesi. Lango la Ndabaka, linaloingia magharibi mwa Serengeti, liko kilomita zipatazo 140 kutoka mjini kwa njia ya Magu na Lamadi, na hakuna pantoni. Unaondoka alfajiri, kabla ya chakula cha mchana watoto wanahesabu pundamilia.

Magharibi ndiko kulikokuwa na kazi, na pengine ndiko kuzuri zaidi: milima ya mawe, mashamba ya mihogo, ziwa linajitokeza na kupotea hadi Chato. Mbele ya Chato kuna kisiwa cha Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliotolewa kwenye mabustani ya wanyama ya Ulaya waliachiwa huru huko kwa juhudi za mhifadhi wa wanyama Bernhard Grzimek, na mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Gari, hata liwe na kitanda na jiko, huachwa nchi kavu. Kisiwani huendwa kwa boti.

Miaka ya 1970 na 1980 haikuwa ya matembezi. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na kwa kipindi kirefu Serikali ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Aliyekwenda kumsalimia bibi Jumamosi alikula chakula cha Jumapili akiangalia saa.

Kisha tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Wengine wamezikwa Igoma. Tangu hapo, kwa familia nyingi za mwambao huu, suala la kupanda meli au kwenda kwa barabara halikuwa tena la nauli peke yake.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Mahali ambapo foleni ingeweza kula saa mbili au tatu, gari sasa linapita kwa dakika chache. Kamanga haikufa kwa hilo: daraja liko kusini mwa jiji, na anayetoka katikati ya mji kwenda vijiji vya upande wa pili bado anaona pantoni ndiyo njia ya mkato.

Wanaosafiri na familia leo mara nyingi wamo ndani ya Toyota Noah, sufuria na mkaa nyuma, magodoro juu, pengine na kuku wa zawadi. Kulala ndiko kunakobaki tatizo, kwa kuwa kati ya Busisi na Chato ni vigumu kupata uwanja wa kambi wenye maji, choo na mlinzi. Halmashauri za Sengerema, Geita na Chato zitenge viwanja hivyo kando ya ziwa sasa, kabla fukwe zote hazijauzwa.