Nardi: Dadu, Majaaliwa na Hiari ya Mchezaji

Wahenga walisema kwamba kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Methali hii hutajwa aghalabu pale mtu anapomfariji mwenzake aliyeshindwa katika jambo alilolifanyia bidii. Twaweza, hata hivyo, kuichukua kuwa swali badala ya faraja: je, kama kupata si kwa werevu, werevu una kazi gani? Swali hili si geni. Liliulizwa na wafalme, wanatheolojia na mafakihi wa karne nyingi zilizopita, na mara nyingi waliliuliza wakiwa wamekaa mbele ya ubao wa mchezo. Mchezo wenyewe ni nardi, ambao Waturuki huuita tavla na Waingereza backgammon.

Makala haya yananuia kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba utamu wa nardi hautokani na bahati peke yake wala na akili peke yake, bali na mahali hapo penye kukutana viwili hivyo. La pili, kwamba historia ya mchezo huu haiko mbali na pwani yetu kama inavyodhaniwa.

Yafaa kwanza tueleze namna unavyochezwa. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja ana kete 15. Ubao una pembe nyembamba 24, nazo zimegawanywa katika robo nne. Kete za mmoja huzunguka kwa upande huu, na za mwenziwe huzunguka kwa upande wa pili, hata majeshi mawili yakapishana njiani. Kila zamu mchezaji hurusha dadu mbili, kisha husogeza kete zake kwa hesabu iliyojitokeza. Kete mbili au zaidi zikikaa pamoja, humfungia adui njia. Kete iliyo peke yake yaweza kupigwa ikarudishwa mwanzo wa safari. Anayezifikisha kete zake zote nyumbani na kuzitoa ubaoni kabla ya mwenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo dadu huamua hesabu, lakini haiamui ni kete gani itakayosogezwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo asili ya mjadala wote tutakaoueleza.

Kuna kitabu kidogo cha Kipahlavi, yaani Kiajemi cha zama za kati, kinachosimulia jinsi nardi ilivyobuniwa. Chasema kwamba katika enzi ya Khosrow wa Kwanza, aliyeitawala Uajemi kuanzia mwaka 531 hadi 579, mfalme mmoja wa Uhindi alimpelekea sataranji iwe fumbo. Waajemi walitakiwa waeleze maana yake, la sivyo watoe kodi. Waziri Wuzurgmihr alilifumbua fumbo hilo, kisha akabuni mchezo wake aupeleke Uhindi kwa masharti yayo hayo. Akauita kwa jina la Ardashir, mwanzilishi wa dola ya Wasasani iliyosimama mwaka 224. Akaeleza kwamba ubao ni mfano wa ardhi. Kete 30 ni siku za mwezi: nyeupe 15 ni mchana na nyeusi 15 ni usiku. Mzunguko wa dadu ni mzunguko wa nyota na mbingu. Wahindi, yasema hadithi hiyo, hawakuweza kulifumbua fumbo la Mwajemi.

Haitupasi kuichukua hadithi hii kuwa taarifa ya mambo yaliyotukia. Michezo ya kukimbizana ubaoni kwa dadu ni ya kale zaidi ya Wasasani. Leonard Woolley, aliyefukua mji wa Ur katika Iraki kati ya mwaka 1922 na 1934, alizikuta mbao za mchezo wa namna hiyo makaburini, nazo zina umri wa miaka 4,500 hivi. Thamani ya hadithi ya Wuzurgmihr ni nyingine. Inatuonyesha namna wachezaji wenyewe walivyouona mchezo wao: binadamu yu juu ya ardhi, mbingu zinazunguka juu yake pasi na idhini yake, naye atembee kwa kadiri ya mwanga aliopewa.

Warumi nao walikuwa na mchezo wa jamii hiyo, jina lake tabula, uliochezwa kwa dadu tatu. Kumbukumbu yake mashuhuri kuliko zote ni ya msiba wa mfalme. Kaisari Zeno, aliyetawala Konstantinopoli katika robo ya mwisho ya karne ya 5, alikuwa na kete zilizokaa vizuri. Akarusha dadu akapata 2, 5 na 6. Njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa, hivyo akalazimika kuyavunja kwa mkono wake mafungu aliyoyajenga, akaziacha kete zake zikiwa moja moja mbele ya adui. Mshairi Agathias, wa karne iliyofuata, aliliandikia shairi tukio hilo kwa makini hata wataalamu wa baadaye wameweza kuupanga tena ubao ule jinsi ulivyokuwa. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Vita na sheria nyingi za Zeno zimesahauliwa na watu wote ila wanahistoria, lakini mrusho wake mmoja wa dadu ungali unasimuliwa. Sababu yake ni kwamba kila aliyepata kucheza huuhisi msiba huo moyoni mwake. Mwenye amri juu ya dola nzima hakuwa na amri juu ya vipande vitatu vya mfupa.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwanahistoria Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 956, aliandika katika kitabu chake kikubwa, Muruj adh-Dhahab, juu ya mjadala wa wanatheolojia kuhusu michezo hii miwili. Kulikuwa na waliosema kwamba aliyebuni sataranji alikuwa mtu wa kuamini hiari, kwa sababu katika mchezo ule kila jambo hutokana na uamuzi wa mchezaji. Aliyebuni nardi, walisema, alikuwa mtu wa kuamini kwamba mwanadamu hana uwezo mbele ya kadari, na ndiyo sababu akaiweka dadu itawale. Ikumbukwe kwamba suala la kadari na hiari lilikuwa limewagawa Waislamu wa karne zile katika madhehebu zilizopingana vikali. Ubao wa mchezo ulikuwa kielelezo chepesi cha jambo zito.

Al-Masudi huyu huyu alipata kusafiri kwa jahazi hadi pwani ya Zanji. Safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi hukiweka Pemba, ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Naye anaandika, katika kitabu kile kile, kwamba pembe za ndovu kutoka nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikapelekwa Uhindi na Uchina. Huko Uhindi zilitumiwa kutengenezea mipini ya silaha, lakini matumizi yake makubwa, asema, yalikuwa ni kuchonga kete za sataranji na za nardi.

Habari hii yastahili kuzingatiwa kuliko ilivyozoeleka. Tumezoea kuisoma katika mlango wa biashara, tukahesabu pembe na majahazi. Ni nadra kuuliza kete zile zilikwenda kufanya nini. Kumbe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu walioketi katika kumbi za Uhindi wakibishana na nyota, waliushika mkononi utajiri wa bara letu. Ndovu aliyeanguka katika mbuga za Afrika ya Mashariki alihesabiwa kuwa siku moja ya mwezi katika ubao wa Wuzurgmihr.

Mchezo haukupendwa na wote. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi inayoukemea vikali kwa jina la nardashir, na wengi wa mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, waliuharamisha. Sataranji, kwa upande mwingine, wengi wao waliihesabu kuwa makuruhu tu, almuradi isiingizwe kamari wala isimsahaulishe mtu sala. Baadhi yao walitoa sababu ya tofauti hiyo: sataranji husimama juu ya fikra, nardi husimama juu ya bahati. Hapa twaona kwamba fakihi na mwanatheolojia wa Al-Masudi walikubaliana katika jambo moja. Wote wawili waliamini kwamba penye dadu, akili haina kiti.

Kabla ya kuipima rai hiyo, tusikilize maneno yenyewe yanasema nini, maana lugha huhifadhi yale ambayo vitabu huyapoteza. Mturuki akicheza, mchezo wenyewe huuita tavla, neno lililotokana na tabula la Kilatini. Dadu huiita zar, kutokana na zahr la Kiarabu. Hesabu za dadu hazitaji kwa Kituruki bali kwa Kiajemi: yek, dü, se, cihar, penç, şeş. Na pengine huchanganya, kwani sita na tano huitwa şeş-beş, sita ikiwa ya Kiajemi na tano ya Kituruki. Lugha nne zimeketi katika ubao mmoja pasi na ugomvi. Neno zahr halikuishia hapo, kwani wanaisimu wengi hulihesabu kuwa ndilo chimbuko la azar la Kihispania, hasard la Kifaransa na hazard la Kiingereza. Maana yake iliondoka kwenye kipande cha mfupa ikawa nasibu, na katika Kiingereza ikafika hadi kuwa hatari.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Sataranji ni neno lililotujia kwa njia ya Kiarabu, ingawa asili yake ya mbali ni Uhindi na Uajemi. Dadu ni dado la Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na kuipoteza mwaka 1698. Limo katika kundi moja na karata na turufu. Watawala wale waliondoka, lakini maneno yao ya michezo yamebaki vinywani. Lakini tukitaka kusema maana ya kile ambacho dadu hukileta, hatuendi tena kwa Wareno. Twasema bahati, neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Twasema nasibu, ambalo katika Kiarabu ni fungu la mtu. Na twasema majaaliwa, neno lenye shina la Kiarabu na vazi la Kibantu. Ni jambo la kuangaliwa kwamba maneno haya hayana maana moja. Bahati huja na kuondoka. Nasibu hugawanywa. Majaaliwa yana mwenye kujaalia nyuma yake. Mwenye kurusha dadu kwa Kiswahili ana njia tatu za kueleza lililomfika.

Turudi basi kwenye hoja ya mafakihi. Dadu mbili zina matokeo 36. Kete ya adui ikiwa peke yake hatua sita mbele yangu, na njia ikiwa wazi, matokeo 17 kati ya hayo 36 yatanipa kuipiga. Ikiwa hatua saba mbele yangu, ni matokeo 6 tu. Hatua moja imepunguza hatari hadi karibu na theluthi yake. Kwa hiyo mchezaji hodari anayelazimika kuiacha kete yake peke yake huiacha penye saba, si penye sita. Yawezekana ipigwe hata hivyo, na yule mjinga aliyeiacha penye sita apone. Usiku mmoja hautoshi kuwatofautisha wawili hawa. Miaka mingi hutosha.

Mfano ulio wazi ulitokea Monte Carlo mwaka 1979. Programu ya kompyuta iitwayo BKG 9.8, iliyotungwa na Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilimshinda bingwa wa dunia, Mwitaliano Luigi Villa, kwa pointi 7 kwa 1. Berliner alipouchunguza mchezo ule baadaye, hakujisifu. Alikiri kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi, na kwamba dadu ziliipendelea mashine. Kupata hakukuwa kwa werevu, na kukosa hakukuwa ujinga. Lakini tazama: Berliner aliweza kuyasema hayo kwa sababu werevu ulikuwapo, nao ulipimika mbali na matokeo. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa IBM alitoa programu nyingine, TD-Gammon, iliyojifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno, hata mabingwa wakabadili baadhi ya njia zao za kuanza mchezo kwa kuiiga. Mchezo usio na akili usingekuwa na la kufundisha.

Bila shaka fakihi aliogopa kamari, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwani wengi wameangamia kwayo. Lakini aliposema kwamba nardi ni bahati tupu, aliitazama dadu asiutazame mkono unaosogeza kete. Mcheza bao la kete hana wa kumlaumu, kwa kuwa kila kitu ki wazi mbele yake. Mcheza nardi ana kisingizio kila zamu, naye ndiye anayejua kama ni cha kweli. Furaha yake ni kupewa kitu asichokichagua, kisha kuchagua cha kufanya nacho. Akishinda hajivuni sana, akishindwa hafedheheki sana, na ubao hupangwa upya. Nadhani hiyo ndiyo maana ya methali tuliyoanza nayo. Haikusema kwamba werevu hauna kazi. Ilisema tu kwamba kazi ya werevu si kupata.