Vitenzi vya Kale Katika Methali Zetu

Si kila king'aacho ni dhahabu. Methali hii yajulikana sana katika nchi ya Geita na Shinyanga, na wachimbaji waujua ukweli wake kwa mikono yao. Maana katika miamba ya huku limo jiwe la manjano, lenye chuma na salfa, ling'aalo machoni pa mgeni kuliko dhahabu yenyewe. Ligonge kwa nyundo, lavunjika na kuwa unga. Bali dhahabu ikigongwa hutandazika. Wanadamu nao ni vivyo hivyo: hajulikani mtu mpaka apigwe na nyundo ya dhiki. Lakini leo twataka kuyatazama maneno ya methali yenyewe. Kwa nini yasema "king'aacho," hali vijana wetu kila siku husema "kinachong'aa"?

Kwanza tukumbuke jinsi Kiswahili kilivyofika huku. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walichukua mizigo ya misafara hata Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga, na maneno. Baadaye Wadachi walikitumia Kiswahili katika maboma na shule zao, na Waingereza wakafanya hivyo baada yao. Mwaka 1898 dhahabu ilivumbuliwa Geita, na mwaka 1940 John Williamson alivumbua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Watu wa makabila mengi wakakusanyika penye migodi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kusikilizana.

Methali zilizokuja pamoja na lugha hiyo zilikuwa zimekwisha kuzeeka huko pwani. W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa, alizikusanya nyingi katika kitabu chake kiitwacho African Aphorisms, kilichopigwa chapa London mwaka 1891. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi hizi walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule. Na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha ya vitabu. Vitabu vikafuata kanuni moja. Methali zilibaki kama zilivyokuwa, kwa kuwa kila mtu husema methali kama alivyoisikia kwa mzee wake.

Sasa tulipime neno "king'aacho." Tukisema "kinachong'aa," twasema habari ya sasa. Tukisema "kilichong'aa," twasema habari ya jana. Na "kitakachong'aa" ni habari ya kesho. Lakini "king'aacho" hakina alama ya wakati hata mmoja. Kiling'aa zamani za babu zetu, king'ae leo, king'ae kesho, hukumu yake ni ile ile. Wala tusidhani kwamba namna hii ya kusema imekufa. Kila tutajapo "mwezi ujao" au "juma lijalo," twaitumia bila kujua.

Methali ya pili yaonyesha hasara iwezayo kutupata. Wazee walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto asiyefundishwa hudhani kwamba "kikulacho" ni chakula, akacheka. Lakini neno hili lina sehemu nne: ki, na ku, na la, na cho. Hiyo "ku" ni wewe unayeambiwa: kitu kile kinachokula wewe. Na "ki" isimamayo peke yake ni kama "kimo," vile vile tusemavyo "yu hai" na "u hali gani." Sasa mtu akitaka kuitengeneza methali kwa lugha ya leo, atasema "kinachokula kimo nguoni mwako." Msikilizaji hawezi kujua kama kitu hicho chala nguo au chamla yeye, kwa maana katika "kinachokula" hiyo "ku" yaweza kuwa ya kitenzi tu. Onyo lilikuwa limemwelekea mtu usoni. Sasa limegeuzwa kando. Na onyo hilo lina kazi yake migodini. Mtu alalaye na mfuko wa mawe yake chini ya kichwa haibiwi mara nyingi na mgeni. Huibiwa na yule ajuaye mahali alipouweka.

Ziko namna nyingine tena. Mtaka yote hukosa yote. Mwenda pole hajikwai. "Mtaka" ni mtu atakaye, na "mwenda" ni mtu aendaye, awe nani, awe wa zamani gani. Pele hupewa msi kucha: "msi kucha" ni mtu asiye na kucha, naye ndiye apewaye upele, asiweze kujikuna. Katika maneno haya mafupi hakuna jina la mtu, wala kabila, wala mwaka, ili pasiwe na msikilizaji awezaye kusema, "Hayo si yangu."

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Waingereza wanao msemo huu huu wa dhahabu, nao umo katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Merchant of Venice, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuutoa mwaka 1969. Kitenzi cha kung'aa alichokitumia Shakespeare ni cha kale, ambacho Mwingereza wa leo hakitumii katika mazungumzo yake. Kadhalika Biblia yao ya mwaka 1611 imejaa vitenzi vyenye miisho ya kale, na mtu akitaka kumwonya mwenye kiburi juu ya anguko lake, husema kama ilivyoandikwa humo katika Mithali 16:18. Hawaoni haya kusema kizee, kwa kuwa wajua ya kwamba kiburi nacho ni kizee.

Basi yatupasa kufanya nini? Watoto wengi wa huku hunena Kisukuma nyumbani, na Kiswahili hukipata shuleni na sokoni. Vitenzi hivi vya kale hawatavisikia ila katika methali na katika Maandiko. Mwalimu akivisahihisha kana kwamba ni makosa, amewafungia mlango. Wala haifai kuwakaririsha tu bila maana, kwa sababu methali isiyoeleweka haimwonyi mtu. Njia iliyo bora ni hii: tuwape methali nzima kama tulivyoipokea, kisha tuikate vipande mbele yao, tuwaonyeshe kila kipande na kazi yake. Mtoto aliyejua kwamba katika "kikulacho" yeye mwenyewe yumo, hatacheka tena. Ataitazama nguo yake.